Kumruhusu Mzee Si Kumkabidhi

Katika hospitali zetu hakuna neno linalopokewa kwa furaha kama neno "ruhusa". Mganga akipita asubuhi na kutamka kwamba mzee wa kitanda fulani ameruhusiwa, habari hufika nyumbani kabla ya jua kuwa kali. Majirani huambiwa, uji hubandikwa, mkeka hutandikwa. Furaha hiyo ni halali, wala hatukusudii kuitia doa. Lakini yatupasa tujiulize, sisi wenye wazazi na sisi ambao nasi twauelekea uzee: je, mzee huyo ameruhusiwa kwenda kwa nani? Ni nani aliyemkabidhi, na ni nani aliyempokea?

Wafanyakazi wanalijua vizuri jambo la makabidhiano. Dereva wa treni hashuki akaenda zake mpaka mwenziwe wa zamu apande na kuambiwa hali ya injini. Mtu wa mitambo ya umeme haachi chumba chake kabla ya kuandika katika daftari na kutia sahihi mbele ya anayempokea. Wauguzi nao, ndani ya wodi, hufanya vivyo hivyo: asubuhi, alasiri na usiku, zamu inayotoka huipa ripoti zamu inayoingia, kitanda kwa kitanda. Huyu alitapika usiku; huyu hajapata haja tangu juzi; huyu ageuzwe kila baada ya saa 2. Mara tatu kwa siku mgonjwa hutoka mkononi mwa mtu akaingia mkononi mwa mtu mwingine. Siku ile anayotolewa wodini na kupelekwa mbali na macho ya mganga, siku ambayo ripoti ingefaa kuliko siku zote, aghalabu hakabidhiwi hata mara moja. Hupewa karatasi, mfuko wa vidonge na tarehe ya kurudi kliniki. Kisha kitanda hufutwa, kikapata mtu mwingine.

Hatusemi haya ili kuwalaumu waganga na wauguzi. Mwenye kuhudumia wodi iliyojaa hana nafasi ya kumsindikiza kila mtu mpaka kwao. Kosa limo katika utaratibu, kwa maana utaratibu wetu unahesabu kazi ya hospitali kuwa imekwisha getini, ilhali kwa mgonjwa mzee kazi ndiyo kwanza inageuka sura.

Tumchukue kwa mfano mkulima wa miaka 74 aliyepatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia na ulimi ukawa mzito. Zahanati ilimpeleka kituo cha afya, kituo cha afya kikampeleka hospitali ya wilaya, nayo ikampa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Katika kupanda kwake, kila mlango alioupita ulikuwa na fomu yake: nani anampeleka, kwa sababu gani, amepewa nini. Ngazi hiyo ya rufaa tumeijenga kwa miaka mingi na kwa gharama kubwa, na faida yake inaonekana. Lakini ngazi hujengwa ili watu wapande na washuke. Mzee huyu, akisha kupata nafuu, hashuki kidato kwa kidato kama alivyopanda. Huanguka mara moja kutoka orofa ya juu hadi uani kwake, na ile zahanati iliyo karibu na mlango wake, iliyokuwa ya kwanza kumwona, huenda isijue kwamba amerudi mpaka itakaposikia kilio.

Itazameni siku yenyewe ya ruhusa. Mganga amepita saa 3 asubuhi. Tangu hapo mwana wa mzee yumo mbioni: dirisha la malipo au la msamaha, dirisha la bima, dirisha la dawa, kisha kutafuta gari. Akili yake yote imo katika fedha na usafiri. Saa 9 alasiri, amechoka, simu imezimika, ndipo anapoelezwa kwa dakika 5 namna ya kumpa baba yake dawa za aina 6, huku nyuma yake wamepanga foleni wengine wenye haraka kama yeye. Kila neno analiitikia, "Ndiyo, sista." Basi la kwenda kwao huondoka alfajiri, kwa hiyo usiku huo mzee atalala kwa jamaa, na kesho yake ataketi garini kutwa nzima, akiwa amefungwa khanga kiunoni asianguke. Jambo lililoelezwa kwa dakika 5 limekwisha kusahauliwa kabla ya gari kuvuka mto wa kwanza.

Yanayofuata katika majuma mawili au matatu ya mwanzo hayahitaji utabiri. Kabatini nyumbani vimo vidonge vya zamani vya shinikizo la damu. Hospitali imempa vipya vyenye jina jingine, kumbe dawa iliyomo ni ile ile. Asipoelezwa atameza vyote, akasimama usiku kwenda msalani, kichwa kikazunguka, akaanguka na kuvunjika nyonga. Au kinyume chake: vidonge vya mwezi mmoja vikiisha, naye akijiona mzima, huacha. Wengi hudhani kwamba dawa ya presha ni kama dawa ya malaria, humezwa mpaka dozi iishe basi. Dhana hiyo haitokani na upumbavu wa wanakijiji. Inatokana na kutoambiwa, au kuambiwa na mtu mwenye haraka.

Mtu aliyepooza akilishwa akiwa amelala chali, chakula huweza kupita njia ya pumzi kikaingia mapafuni, na homa ya mapafu ikamuua yule ambaye kiharusi hakikumuua. Akilazwa upande mmoja tangu asubuhi hadi jioni, nyama ya makalio na visigino hufa kwa kukosa damu: ngozi hubadilika rangi na kuwa ya moto, baada ya siku chache hufunguka shimo, na kidonda hicho kupona kwake ni kwa miezi. Mpira wa mkojo uliowekwa wodini kwa siku chache hubaki wiki nyingi kwa sababu hapana aliyeambiwa ni lini utolewe na ni nani wa kuutoa. Na wapo wazee ambao baada ya kulazwa huchanganyikiwa, wakaita majina ya waliokwisha kufa, wakakesha wakipigana na shuka. Jamaa husema ni uzee, au hunong'ona kwamba amerogwa, kumbe mara nyingi ni ishara ya maambukizo, au ya upungufu wa maji mwilini, au ya dawa iliyozidi kipimo. Nayo hutibika mtu akiwahi.

Kijana akikabidhiwa vibaya huenda akaokoka, kwa maana mwili wake una akiba. Mzee akiba yake ni ndogo. Tena ugonjwa wake si mmoja. Ana shinikizo la damu, ana sukari, magoti yanamuuma, macho yana ukungu, na kila ugonjwa umeleta vidonge vyake na kliniki yake na siku yake. Asomaye maandishi madogo juu ya paketi ni mjukuu wa darasa la 5.

Wala tusidhani kwamba hawa ni watu wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 2 na nusu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautambua kuwa ndio mwanzo wa uzee. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliowapima wazee wa miaka 70 na zaidi walikuta karibu 7 katika kila 10 wana shinikizo la damu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 2003 na 2006, ulifanywa mradi wa kuwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Hesabu ziliposawazishwa kwa umri, Hai ilikuwa na wagonjwa 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9, yaani karibu mara 3. Waliozoea kusema kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Ulaya wasome hesabu hizo upya. Ni ugonjwa wa Temeke na Ilala, na mwenye kuupata akipona mara nyingi hurudishwa shamba akauguzwe huko.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni matatizo ya umaskini, na kwamba hospitali zikipata vifaa yataondoka yenyewe. Hasha. Nchini Marekani, ambako hakuna upungufu wa mashine wala wa wataalamu, jambo hili liliwashinda vile vile. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliotumia hesabu za bima ya serikali ya wazee wa nchi hiyo za mwaka 2003 na 2004, ulionyesha kwamba karibu mmoja katika kila watu 5 walioruhusiwa alikuwa amerudi kulazwa kabla ya siku 30 kupita. Na miongoni mwa waliorudi baada ya kutibiwa bila upasuaji, nusu yao haikuonekana hati yoyote ya kwamba walionwa na mganga kati ya siku ya kutoka na siku ya kurudi. Katika nchi yenye gari kila ua na simu kila chumba, mtu aliyetolewa kitandani hakutazamwa na mganga mpaka alipozidiwa!

Ni wauguzi walioanza kuonyesha njia. Katika mji wa Philadelphia, Bibi Mary Naylor wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake waliwachukua wagonjwa 363 wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa katika hatari ya kurudi hospitali, wakawagawa kwa kura makundi mawili. Kundi moja lilipata matunzo ya kawaida. Kundi la pili kila mgonjwa alipewa muuguzi mmoja mwenye elimu ya juu, aliyemwona tangu akiwa bado amelazwa, akamzuru nyumbani kabla ya saa 48 kupita tangu aruhusiwe, akamzuru tena baada ya siku 7 hadi 10, na kati ya hapo akawa anapatikana kwa simu. Kazi hiyo ilidumu wiki 4 tu baada ya ruhusa. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 1999: hadi wiki ya 24, waliorudi hospitali katika kundi la kawaida walikuwa 37.1 kwa mia, na katika kundi la muuguzi walikuwa 20.3 kwa mia. Gharama za matibabu yao zilikuwa karibu dola milioni 1.2 kwa kundi la kwanza, na dola milioni 0.6 kwa la pili.

Mganga mwingine, Eric Coleman wa Colorado, alichagua njia nyepesi zaidi. Matokeo aliyoyatangaza mwaka 2006 yalihusu wazee 750. Baadhi yao walipewa mtu ambaye kazi yake haikuwa kuwafanyia bali kuwafundisha: aliwaona hospitali, akawazuru nyumbani mara moja, akawapigia simu mara 3 katika siku 28. Alisisitiza mambo machache yanayoeleweka na kila mtu, yaani kuzijua dawa zako, kuweka daftari lako mwenyewe la ugonjwa, kwenda kwa mganga wako mapema, na kuzijua dalili za hatari na nini cha kufanya zikitokea. Katika siku 30 waliorudi kulazwa walikuwa 8.3 kwa mia, na wale wasiopata mwalimu huyo 11.9. Baada ya siku 90 hesabu zilikuwa 16.7 na 22.5.

Hatutaki msomaji afikiri kwamba hapa pana uchawi. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba jambo moja likifanywa peke yake, kama vile simu moja ya kumjulia hali mgonjwa, halina hakika ya kupunguza wanaorudi. Yaliyofaa ni mambo kadhaa yaliyoshikamana, yakisimamiwa na mtu anayejulikana kwa jina. Na ukiondoa elimu ya wauguzi wale wa Philadelphia, utaona kwamba vyombo vilivyotumika ni miguu ya mtu, daftari na simu. Hakuna chombo kimoja katika hivyo ambacho sisi hatuna.

Tena yafaa tukumbuke kwamba katika jambo hili Tanzania imekwisha kuwa mwalimu wa wengine. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na katika miaka iliyofuata Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, alifanya kazi pamoja na waganga wetu kuutengeneza utaratibu wake. Kila mgonjwa aliandikwa katika rejista ya wilaya. Kila wilaya ilikuwa na mratibu wake. Kila baada ya miezi 3 hesabu ilifungwa, na kila jina lililoandikwa lilipaswa kuwa na mwisho wake: amepona, amemaliza dawa, dawa zimeshindwa, ameacha matibabu, amefariki, au amehamishwa. Haikuruhusiwa jina kubaki hewani. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliutangaza utaratibu wa namna hiyo kwa mataifa yote.

Msomaji azingatie neno lile "amehamishwa". Mgonjwa wa kifua kikuu akiondoka wilaya moja kwenda nyingine hupewa fomu ya uhamisho. Fomu hiyo ina sehemu mbili. Moja hubaki kule anakopokewa, na ya pili hurudishwa kule alikotoka, ikieleza kwamba fulani amefika tarehe fulani na anaendelea na dawa. Sehemu ya pili isiporudi, mratibu anajua kwamba mtu wake amepotea njiani, na kutafutwa huanza. Hayo ndiyo makabidhiano! Karatasi peke yake siyo dawa. Dawa ni kule kurudi kwake.

Kwa nini basi tumemfanyia hivyo mwenye kifua kikuu, tusimfanyie mwenye kiharusi? Jibu si gumu. Kifua kikuu huambukiza, na mtu aliyepotea na ugonjwa wake ni hatari kwa jirani. Mzee aliyepooza hamdhuru mtu. Akipotea, amepotea peke yake, kimya kimya, nyuma ya nyumba. Hofu ndiyo iliyotufundisha kufuatilia. Sasa pafaa tufuatilie pasipo hofu.

Yako wapi basi makabidhiano tunayoyataka? Kwanza yaanze ndani ya wodi yenyewe, na hapa tuna mali ambayo watu wa Philadelphia wangeitamani. Katika hospitali zetu jamaa wa mgonjwa hakai mbali. Ndiye anayeleta uji, ndiye anayefua shuka, ndiye anayemshika mzee akienda chooni. Yupo pale kila siku, asubuhi na jioni, na kwa kawaida wakati wa mganga kupita huambiwa atoke nje angoje. Hilo ndilo lingegeuzwa. Siku 3 kabla ya ruhusa, muuguzi amwite huyo huyo atakayemuuguza nyumbani, si yule mwenye sauti kubwa katika ukoo wala yule mwenye fedha, ampe kazi mkononi: mgeuze mgonjwa nikuone, mketishe umlishe, nionyeshe kidonge cha asubuhi ni kipi na cha usiku ni kipi. Akikosea asahihishwe, arudie kesho. Mtu aliyefanya jambo mara 3 mbele ya mwalimu hulisahau kwa nadra. Aliyeambiwa dirishani hulisahau upesi. Wala hapahitajiki mtumishi mpya, maana yule jamaa akiisha kufundishwa ameipunguzia wodi kazi tangu siku ile.

Na tuseme kweli: huyo anayeuguza, katika nyumba nyingi, ni mwanamke. Ni binti aliyeachika, au mkwe, au bibi kizee mwenyewe ambaye naye ana miaka 70 na mgongo wake unauma. Wanaume huja hospitali kusikiliza, kisha hurudi kazini. Wanawake hubaki na kazi yenyewe bila kuyasikia yaliyosemwa. Muuguzi akimfundisha mwana wa kiume anayeondoka kesho kwa basi la Dar es Salaam, amefundisha ukuta.

Pili, iwepo kadi. Kila mama nchini humu anaijua kadi ya kliniki ya mtoto. Huihifadhi katika mfuko wa nailoni chini ya godoro, pamoja na vyeti. Nyumba ikiungua, kadi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutolewa. Akihamia mkoa wa mbali, muuguzi asiyemjua aifungua na kujua mtoto amechanjwa nini na uzito wake ulikuwaje. Basi mzee naye astahili kadi ya namna hiyo, yenye maandishi makubwa ya Kiswahili: ugonjwa wake, dawa anazotumia sasa, na zile alizoachishwa ambazo asirudie, presha yake ilikuwa ngapi siku ya kutoka, mpira wa mkojo utolewe lini, dalili zipi zikitokea asingoje asubuhi, na nambari ya simu ya wodi. Muhtasari wa mganga ulioandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu na mkono wa haraka una mahali pake, nao ni kwa waganga wenzake. Anayeshinda na mgonjwa anahitaji wa kwake.

Tatu, ipigwe simu kwenye zahanati ya kijiji kabla mzee hajatoka, na Mganga Mfawidhi aambiwe: anakuja kwako Jumamosi, mwone kabla ya Ijumaa ijayo. Zahanati hiyo iwe na daftari la wazee waliorudi kutoka hospitali, na hospitali iwe na daftari la wazee iliowatoa, na kila baada ya miezi 3 Mganga Mkuu wa Wilaya ayalinganishe, kama yalivyolinganishwa yale ya kifua kikuu. Jambo la dawa nalo liangaliwe hapo hapo. Hakuna faida ya kumpa mzee dawa ya presha inayopatikana mkoani peke yake, ikiwa zahanati yake ina nyingine ya bei nafuu ifanyayo kazi ile ile. Afadhali abadilishiwe akiwa bado kitandani, mbele ya mganga, kuliko kukatishwa nauli kila mwezi mpaka achoke.

Mwisho wa mnyororo huu ni mtu wa kitongoji. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliokusudia kuwafundisha watu 137,294 kwa muda wa miaka 5, yaani wawili kwa kila kitongoji cha vijijini na kila mtaa wa mjini. Hawa ndio wanaoweza kumfikia mzee kwa miguu, siku ya pili baada ya kurudi, wakatazama visigino vyake na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Lakini tuna neno moja la tahadhari. Mhudumu huyu amekwisha kubebeshwa mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, chandarua, choo na kifua kikuu. Tukimwongezea mzee kwa maneno tu, pasipo karatasi inayomwambia nani amerudi na lini, na pasipo posho yake kufika kwa wakati, tutakuwa tumempa mtu mzigo na kumnyima kichwa cha kubebea.

Wapo pia wazee wasio na ua wa kurudia. Serikali ina makazi yake, kama vile Nunge huko Kigamboni, na Unguja yapo Welezo na Sebleni. Kwao makabidhiano ni rahisi zaidi kuyatengeneza, kwa maana mpokeaji anajulikana, na Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali anaweza kuzungumza na wa makazi kabla gari halijawashwa. Mzee aliye taabuni kuliko wote ni yule mwenye jamaa kwa jina tu, anayeandikiwa "ndugu wapo", kisha akateremshwa penye nyumba iliyofungwa.

Limebaki jambo moja ambalo haliwahusu waganga, bali linatuhusu sisi wafanyakazi. Tumesema kwamba jamaa afundishwe siku 3 kabla ya ruhusa, na kwamba siku za kwanza nyumbani ndizo za hatari. Je, jamaa huyo akiwa ni mfanyakazi atazipata wapi siku hizo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, humpa mfanyakazi walau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Humpa pia siku hizo akifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa tumbo moja. Kwa mzazi, basi, kifungu hicho kinataja kifo; ugonjwa hakiutaji. Mtu anapata siku 4 za kumzika baba yake, na hapati hata moja ya kujifunza namna ya kumgeuza kitandani ili asife. Hivyo hulazimika kula likizo yake ya mwaka, au kumbembeleza msimamizi, au kumwachia mzee mjukuu wa darasa la 5.

Sheria huweka kiwango cha chini, wala haikatazi kuzidisha. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yanayojiandaa kukaa na waajiri juu ya Mikataba ya Hali Bora yaweza kulileta jambo hili mezani: siku 4 zenye malipo kwa mfanyakazi ambaye mzazi wake anatolewa hospitali, kwa kuonyesha karatasi ya ruhusa, zitumike kuanzia wodini. Kwa mwajiri hasara yake ni ndogo, kwani mtu aliyemkabidhi baba yake vizuri hupiga simu nyumbani jioni, badala ya kuomba ruhusa ya ghafula kila wiki. Kifungu chenyewe hakizidi mistari 3, na katibu wa tawi aweza kukiandika leo kabla hajarudi kwenye mashine yake.